Je, wajua kwa nini kanisa la Hripsime halijaanguka kwa miaka 1,400?

Katika mji wa Vagharshapat, kilomita zipatazo 20 magharibi ya Yerevan, mji mkuu wa Armenia, lipo kanisa la Mtakatifu Hripsime, lililojengwa mwaka 618 na Komitas, aliyekuwa Katholiko, yaani mkuu wa Kanisa la Armenia. Nchi hiyo ina matetemeko makubwa ya ardhi: lile la mwaka 1679 liliangusha hekalu la kale la Garni. Hata Zvartnots, kanisa kuu la fahari lililojengwa jirani katika karne hiyohiyo ya 7, lilianguka katika karne ya 10 na leo ni magofu. Hripsime lingali limesimama.

Siri ya kwanza imo ndani ya ukuta. Mgeni anayepitisha kidole kwenye maungio ya mawe huyakuta membamba mno, akadhani kwamba kanisa zima ni mawe matupu yaliyopangwa. Kumbe mawe hayo, ambayo ni tufu, jiwe jepesi la volkano lisilosumbua kuchonga, ni ganda la nje na la ndani tu. Katikati mafundi walishindilia vipande vya mawe na chokaa, vikashikana na ganda hadi ukuta ukawa kitu kimoja.

Siri ya pili, ambayo kwangu ndiyo inayostahili heshima kubwa zaidi, ni ramani yenyewe. Kuba halikuwekwa juu ya nguzo. Limezungukwa na kuta nne za nusu duara, na katika kila pembe kati yake kuna kidaka kirefu cha mviringo kinachofungua njia ya kuingia chumba cha pembeni, hivyo uzito wa kuba hugawanywa pande nane zinazoegemeana. Palipobaki ukuta mnene usio na kazi, mafundi waliukata kwa nje wakafanya madaka marefu ya pembetatu, ambayo jua likiinama hujaa kivuli kutoka chini hadi juu. Wengi huyadhania pambo, ilhali yanaupunguzia ukuta uzito.

Chini ya madhabahu limo kaburi la Hripsime, binti Mkristo ambaye kwa mapokeo ya Waarmenia aliuawa zama za mfalme Tiridates III, karibu na mwaka 300. Anayepanda kutoka huko na kusimama katikati ya kanisa hulitazama kuba lote kwa mara moja, bila nguzo hata moja kumziba.