Miamba haijazuia kitu: dhana potofu kuhusu usafiri wa umma jijini Mwanza

Foleni ikikaza Barabara ya Nyerere kati ya Mabatini na Buzuruga, mjadala ndani ya haisi huwa ni uleule: jiji lina watu zaidi ya milioni moja kwa sensa ya 2022, mbona hatuna treni za mjini kama wenzetu? Swali ni la haki. Ila majibu mengi tunayopeana humo si ya kweli, nayo yanatufanya tuote makubwa ya mbali huku tukisahau kudai yale ambayo yangetufaa mapema.

“Mwanza ni mawe matupu, treni ya chini ya ardhi haiwezi kupita”

Mwamba mzima ni rafiki wa mchimbaji. Hujishikilia wenyewe, tofauti na mchanga au tope linalotaka kuzuiwa kila hatua. Stockholm ilifungua treni yake ya chini ya ardhi mwaka 1950, na baadhi ya vituo vyake vimeachwa na kuta za mwamba wazi, vikachorwa na wasanii. Helsinki ilifungua ya kwake mwaka 1982, ndani ya mawe magumu vilevile. Kinachokwamisha ni fedha: kilomita moja ya handaki ni ghali mno, na haina maana mpaka njia hiyo moja iwe na abiria maelfu kwa maelfu kila saa, kila siku.

Wapo pia wanaoamini kwamba jiji lisilo na treni hiyo halijaendelea. Wananchi wa Zürich, Uswisi, waliipigia kura wenyewe: mwaka 1962 walikataa kushusha tramu zao chini ya ardhi, na mwaka 1973 wakakataa treni ya chini ya ardhi. Badala yake tramu na mabasi yalipewa kipaumbele barabarani, mpaka taa za njia panda zikawa zinayafungulia njia. Zürich ni mji tajiri, na watu wake bado wanapanda tramu.

“Reli hubeba watu wengi kuliko basi, siku zote”

Mabasi ya mwendokasi ya Bogotá, Kolombia, yaliyoanza mwaka 2000, yamewahi kupitisha watu zaidi ya 40,000 kwa saa upande mmoja wa njia. Kuna reli nyingi za mijini ambazo hazijafika hapo. Addis Ababa nayo ilizindua treni yake ya mjini mwaka 2015, ikanunua treni 41. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Ukinunua treni, umenunua pia karakana, umeme wa uhakika na mafundi kwa miaka yote ijayo.

Mwendokasi wenyewe si ukubwa wa basi. Nguvu yake ni njia ambayo gari jingine haliingii, tiketi inayokatwa kabla ya kupanda, na jukwaa lililo sawa na mlango wa basi. Dar es Salaam ilianza hivyo Mei 2016. Abiria wakafurika kuliko mabasi yaliyokuwepo, na mvua zikawa zinajaza maji karakana ya Jangwani. Hilo ni la kujifunza kabla Mwanza haijachora mstari wake wa kwanza.

“Daladala ndizo zinazoleta foleni”

Hapa huwa tunawaonea watu. Abiria 60 wanatosha kwenye haisi nne au costa mbili. Wakikaa mmoja mmoja kwenye magari yao ni magari 60, na hakuna anayeyalaumu.

Kweli, daladala husimama hovyo, hukimbizana, na stendi haziondoki mpaka zijae. Lakini angalia mkataba wa kazi. Dereva na konda wanadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni; kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Kiti kitupu kinatoka mifukoni mwao. Kwa mpango huo hata dereva mstaarabu kuliko wote atamgombania abiria wa Mkuyuni. London iliyajua haya: mabasi ya kampuni mbalimbali yaligombania abiria mpaka mwaka 1933, ilipoundwa bodi moja ya kusimamia mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi. Dereva wa mshahara hana sababu ya kukimbizana. Ningeomba madiwani wetu waanzie hapo kabla ya kufikiria reli yoyote.

“Ziwa ni la kwenda visiwani, tena linaua”

Istanbul watu huvuka maji kwenda kazini kila asubuhi. Sisi wenyewe tuna kivuko cha Kamanga kinachotia gati katikati ya jiji, kikileta watu kutoka upande wa Sengerema. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limepunguza hitaji la kivuko mahali pake. Halijaondoa faida ya njia ya majini.

Hofu ninaielewa. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 na mamia wakafa. Kuna nyumba nyingi huku ambazo bado zinaihesabu. Lakini kulisingizia ziwa ni kuwaachia wahusika. MV Nyerere iliyopinduka Septemba 20, 2018 ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao ni 228, na ilikuwa imeshakaribia gati la Ukara. Kuhesabu abiria kabla ya kung'oa nanga kungewaokoa.

“SGR ikifika, foleni itaisha”

Kipande cha Mwanza–Isaka cha reli hii mpya ya kisasa, kilomita 341, ni cha safari ndefu na mizigo. Mtu wa Buhongwa anayewahi Soko Kuu hakitamsaidia.

“Nauli ni ya konda”

Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa ardhini, na ruti imeandikwa kwenye leseni ya gari. Konda akipandisha bei kwa sababu ya mvua, au gari likikatisha ruti Igoma wakati umelipia Kisesa, hayo ni makosa. Andika namba ya gari, mahali na saa, upeleke ofisi ya LATRA ya mkoa.