Asidi amino za kubuni: yanayodhaniwa na yaliyopo

"Asidi amino, matofali yanayojenga protini, ni 20, basi." Ndivyo tulivyokariri, na kwa mtihani yatosha. Lakini ya 21, selenosisteini, imo hata mwilini mwa binadamu, na ya 22, pirolisini, ilitambuliwa mwaka 2002 katika vijidudu vinavyotengeneza methani. Maabarani zimeongezwa zaidi ya 100 nyingine.

"Kuingiza asidi ngeni ni kuandika upya jeni zote za kiumbe." Hapana, ni kuazima tu. Kati ya kodoni 64 (maneno ya herufi tatu ambamo jeni husomwa), tatu kazi yake ni kuamuru "koma", na UAG ndiyo inayotumika kwa nadra zaidi katika bakteria E. coli. Mtafiti huiandika UAG mahali pamoja ndani ya jeni ya protini anayoichunguza, kisha humpa bakteria tRNA inayoisoma (tRNA ni molekuli inayobeba asidi amino hadi kwenye kodoni yake), pamoja na kimeng'enya kinachoipakia tRNA hiyo asidi ya kubuni na si nyingine. Ribosomu, mtambo wa seli unaounga protini, ikifika hapo huunga asidi ngeni na kuendelea. Kikundi cha Peter Schultz, Marekani, kilifanya hivyo ndani ya E. coli hai mwaka 2001. Si kila ribosomu hudanganyika, lakini: baadhi husimama palepale, na mavuno ya protini kamili hupungua. Na asidi hiyo isipowekwa kwenye chakula cha bakteria, hakuna cha kuunga.

"Protini iliyochezewa haiwezi kuonyesha umbo lake halisi." Hofu hii ina msingi, ndiyo maana protini hupimwa kama bado inafanya kazi yake. Ila badiliko lenyewe laweza kuwa la atomu moja. Katika selenomethionini, seleniamu hukalia kiti cha salfa ya methionini, mojawapo ya zile 20. Protini hujikunja karibu vilevile, na atomu hiyo nzito huwasaidia wanaopiga fuwele za protini eksirei kukokotoa umbo. Florini nayo karibu haipo katika protini za asili, kwa hiyo ishara yake kwenye NMR (kipimo kinachosikiliza atomu ndani ya sumaku kali) hutoka pale ilipopandikizwa tu.

"AlphaFold imemaliza kazi." AlphaFold, programu ya akili bandia, hukisia umbo la protini, na kwa ustadi mkubwa. Protini, hata hivyo, hutikisika, hufunguka, hushikana na nyingine. Benzoilifenilalanini, asidi amino ya kubuni, ikimulikwa kwa urujuanimno ndani ya seli hai humng'ang'ania jirani aliye karibu nayo wakati huo, na mtafiti huwavua wote wawili wakiwa wameshikana.