"Nitilie forji tu, fundi": Ninayoambiwa kila wiki kuhusu pistoni zilizovunjika

Wiki hii nimeisikia mara tatu. Ya mwisho ilitoka kwa kijana ambaye Subaru Impreza yake ililetwa hapa Nakuru kwa kamba kutoka Sachang'wan, ikiwa imetoa moshi wa kufukuzia mbu njia nzima. Hata boneti sijafungua. "Fundi, najua ni pistoni. Hizi za kiwandani ni dhaifu. Nitilie forji tu tumalizane." Forji ni pistoni zilizofuliwa, badala ya kumiminwa kwenye kalibu.

Nikamuuliza imevunjwa na nini. Akasema imevunjwa na udhaifu.

Nianze na hiyo, maana ndiyo inayonimaliza. Kilichovunja pistoni hubaki ndani ya gari hata baada ya pistoni kutolewa na kuwekwa mezani. Ukitia nyingine, ya kiwandani au ya forji, inaenda kukaa na adui yuleyule. Na ushahidi wote tunao mkononi, ila wateja wananiletea injini iliyofunguliwa kwingine, pistoni zimeoshwa kwa petroli na kuchanganywa kwenye ndoo, plagi zimetupwa. Hapo unataka nisome nini?

Pistoni iliyokufa itazamwe kabla ya kuoshwa. Kama kingo ya kati ya ringi ya kwanza na ya pili imekatika kipande kama ukucha, na pembeni juu kuna vijishimo kama mahindi yaliyoingiliwa na dumuzi, hiyo ni detonesheni. Plagi iliwasha, moto ukaanza kutembea, lakini mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki pembezoni ukabanwa na kupashwa joto mpaka ukalipuka wenyewe kwa mpigo mmoja. Wimbi lake hugonga kingo ya ringi kama nyundo. Pia hupangusa utando mwembamba wa gesi iliyopoa unaokaa juu ya pistoni, na utando huo ndio unaoiweka hai: gesi inayowaka hupita nyuzi 2,000, ilhali aluminiamu huyeyuka kwenye 660.

Kama katikati pana tundu lenye midomo iliyoyeyuka kama nta ya mshumaa, mchanganyiko uliwaka kabla ya cheche. Tafuta plagi ya moto kupita kiasi, au kaboni iliyogeuka kaa ndani ya silinda. Kama juu ni safi na mikwaruzo iko ubavuni, twende kwenye oili, upoaji na nafasi iliyoachwa kati ya pistoni na ukuta. Alama ya mwezi mchanga juu ya pistoni ni valvu imeipiga, na hapo tutazungumzia mkanda wa taimingi.

Swali linalofuata: ni silinda moja au zote nne? Zikiwa na vijishimo zote, namshuku aliyetuni kompyuta ya injini, petroli, au busti, yaani shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo. Ikiwa ni moja, namshuku jirani yake wa karibu, kama injekta inayoinyunyizia petroli. Kwa kijana wa Sachang'wan ilikuwa namba 4 peke yake. Tukatoa injekta zote tukazipima kwa muda uleule: tatu zilijaza chupa zake sawasawa, ya namba 4 ikabaki nyuma, inapiga chirizi upande badala ya kunyunyiza. Silinda ikapungukiwa petroli, na hiyo ndiyo iliyovunja pistoni. Ningetia forji nikarudisha injekta ileile, angerudi.

Akabisha kwamba geji yake ya mchanganyiko ilikuwa inasoma vizuri hadi dakika ya mwisho. Naamini ilisoma vizuri. Kihisi kimekaa kwenye bomba ambako moshi wa silinda zote umeshachanganyika, kwa hiyo kinasoma wastani. Silinda tatu zikiwa kwenye 11.3 (hewa kwa kila sehemu moja ya petroli) na moja iliyopungukiwa petroli kwenye 12.9, geji itakuonyesha 11.7 nawe utaendelea kukanyaga.

Na kuna mlima. Ramani nyingi za kutuni, yaani mipangilio ya kompyuta ya injini, ninazokutana nazo zimenunuliwa kwa mtu ambaye hajawahi kufika Mau Summit. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yetu ina kama asilimia 80 ya shinikizo la Mombasa. Geji ya busti ikisoma bar 1.0 juu ya hewa ya nje kule pwani, turbo imeibana hewa mara mbili. Ikisoma 1.0 hapa, imeibana zaidi ya mara 2.2. Na kama ramani inadai shinikizo kamili lilelile la pwani, ni karibu mara 2.5. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ikiwa moto zaidi, kisha unatoka Salgaa unapanda Sachang'wan, lori mbele, gia ya tatu, mguu chini dakika nzima, intakula (kipoza hewa ya turbo) imeshajaa joto. Ongeza kwamba magari haya yalitengenezewa petroli ya Japani ya daraja la juu, ya oktani karibu 100, na wewe umejaza super ya kawaida. Halafu pistoni ndiyo dhaifu.

Simchukii mtu wa forji. Nazitia, tena kwa furaha, kwa mwenye nguvu za kweli aliyeshatafuta chanzo. Huvumilia kipigo kwa muda mrefu kuliko za kiwandani, ambazo hukatika kwa sababu ni kavu, hazipindi. Lakini kipigo hakipotei. Kinashuka kwenye beringi na kinapanda kwenye gasketi ya hedi. Nyingi pia hutanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa zaidi, na asubuhi na baridi ya Nakuru zinagonga kidogo. Mteja yuleyule aliyezililia ananipigia simu saa moja: "Fundi, kuna kitu kinalia."

Kwa hiyo ombi langu, na mafundi wenzangu wananicheka kwa hili: nunua trei ya mayai. Kila plagi inayotoka iingie kwenye shimo lake, namba imeandikwa kwa kalamu, na pistoni zifuate mpangilio huohuo mezani. Plagi yenye chembe ndogo zinazometa kwenye kauri yake imekwisha kukwambia kwamba aluminiamu ya pistoni inatoka, na wakati mwingine inakwambia kabla pistoni haijakatika.

Na kuna mengine ninayoambiwa. "Kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) iko sawa, kwa hiyo pistoni ni nzima." Hapana. Kompresheni inapimwa injini ikizungushwa na stata, polepole. Kipande cha kingo kilichopasuka bado kimekaa mahali pake na ringi inaweza kuziba vya kutosha. Kwenye busti shinikizo ni mara nyingi zaidi, na hapo ndipo gesi inapopenya kushuka chini na kurusha kijiti cha oili. Ninachoamini ni kupima uvujaji: pistoni juu kabisa, valvu zimefungwa, hewa ya kompresa inaingia kupitia tundu la plagi, kisha unasikiliza. Ikitokea kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi. Ikitokea upande wa hewa ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Ikipuliza kwenye kifuniko cha oili, umefika kwenye ringi na pistoni.

Na wasiwasi wa upande wa pili: kuna aliyeambiwa injini imekufa kwa sababu silinda zote zilisoma PSI 120 na kitabu kinadai 150. Kitabu kiliandikwa usawa wa bahari. Injini ya 150 kule, hapa itasoma kama 120. Tazama tofauti kati ya silinda. Ile mbinu ya kumwaga oili kidogo kwenye silinda na kupima tena nayo usiiamini sana kwa Subaru, maana silinda zimelala na oili inakusanyika upande wa chini tu.

"Moshi wa bluu ni turbo." Hii ni dhana ya bei ghali. Mama mmoja mfanyabiashara aliletewa turbo mbili kwa mwezi mmoja, zote zikatoa moshi, na alipofika kwangu alikuwa ameshaanza kumlaani muuzaji. Niliendesha gari, nikasimama, nikafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma: kikawa kinahema kama sufuria ya ugali. Pistoni ilikuwa inapuliza gesi kwenye kreki, chumba cha chini cha injini. Sasa, oili ya turbo hurudi chini kwa uzito wake tu. Shinikizo likipanda huko chini, haiwezi kushuka, inapita kwenye sili na kuingia kwenye ekzosi hata turbo ikiwa mpya kabisa. Na ile oili uliyoikuta kwenye bomba la intakula huenda imeletwa na mpira wa kupumulia wa hiyo kreki. "Mama, turbo zako zote mbili ni nzima," nikamwambia. Hakufurahi.

"Injini imenoki." Neno hili limebebeshwa kila kitu, kuanzia beringi iliyolegea hadi injini isiyowaka. Beringi ikifa hugonga kwa uzito na hufuata mzunguko. Detonesheni ni mlio wa changarawe ndani ya kopo, tena chini ya mzigo tu, na kwenye gari lenye ekzosi ya kulipua risasi hutausikia. Usiniambie "ningeisikia."

"Mashine haikuonyesha kodi yoyote ya hitilafu." Ni kweli, na kingo ya ringi haina waya.

"Tia oili nzito itaziba." Inapunguza moshi kwa siku chache. Wengi ninaowajua wanaotia oili nzito ya 20W-50 kwenye turbo inayovuta moshi huwa wanatafuta mnunuzi.