Dar si kituo cha kusubiri boti

Wageni wengi wanaokuja kuzuru pwani yetu huambiwa Dar es Salaam haina la kale: lala usiku mmoja, asubuhi panda boti ya Unguja, au shika njia ya Bagamoyo na Kilwa. Hata sisi wenyeji tunalirudia neno hilo, nalo linaniuma.

Kweli, Kilwa ina ukongwe mkubwa zaidi. Lakini nenda Kunduchi, kaskazini mwa jiji. Kando ya bahari yapo magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili ya karne ya 18, yenye nguzo zilizopachikwa sahani za kaure kutoka China. Sahani nyingi zimeng'olewa, matundu yake yamebaki. Simama pale uone biashara ya Bahari ya Hindi ilivyofika hadi kwenye kaburi la mtu. Hayo yalikuwapo kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga mji hapa Mzizima, kijiji kilichokuja kuwa Dar es Salaam, miaka ya 1860.

Mjini, Boma la Kale karibu na bandari ni la enzi ya Majid. Na jina la mtaa wa Kariakoo limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.