Mgombea Akishindwa, Kura Zake Zinabaki na Nani?

Kila uchaguzi mkuu ukipita naulizwa swali lilelile: fulani kapata asilimia kadhaa, je, chama chake kitakuwa wapi miaka mitano ijayo? Anayeuliza huamini kwamba jibu limo ndani ya ile asilimia. Kazi yangu ni kusoma matokeo ya chaguzi, na kwa Tanzania hii ya vyama vingi, asilimia ya mgombea urais aliyeshindwa ndiyo namba ninayoiangalia mwisho. Naanza na kura za ubunge za chama chake. Halafu naangalia majimbo ambayo chama hicho kilipata, kisha swali ambalo halimo kwenye jedwali lolote: kura hizo zilikuwepo kabla mgombea hajaja, au zimeingia naye mlangoni?

Mfano wa kufundishia ni Augustine Mrema. Mwanzoni mwa 1995 alikuwa bado waziri katika serikali ya CCM, na kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu. Machi akahamia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, na kwa kuwa hakuna chama kinachompokea mtu mzito kama yule halafu kikamweka benchi, akapewa uenyekiti na tiketi ya urais. Waliokuwa na akili zao mwaka ule wanakumbuka vijana wakilisukuma gari lake kwa mikono, injini imezimwa, barabara imejaa watu. CCM ilimhitaji Mwalimu Nyerere mwenyewe azunguke mikoani kumnadi Benjamin Mkapa. Oktoba Mkapa akapata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Ibrahim Lipumba wa CUF 6.4, John Cheyo wa UDP 4.

Kwa chama cha upinzani katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe, asilimia 27.8 ni mtaji mkubwa. Wachambuzi wa wakati ule waliiona NCCR kuwa ndiyo mbadala wa CCM, na 2000 wangekuja kuimaliza kazi. Ukilitazama jedwali juujuu huwezi kuwalaumu. Kura za ubunge za NCCR zilikuwa asilimia 21.8, pungufu kwa 6 kuliko za mgombea wao. Hapo mtu hurukia kusema, ahaa, zile 6 ni za Mrema binafsi. Sivyo. CHADEMA haikusimamisha mgombea urais mwaka ule, ilimuunga mkono Mrema, na kura zake za ubunge zilikuwa asilimia 6.2. Jumlisha: 28.0. Karibu sawasawa na alizopata Mrema. Kwa hesabu hiyo chama na mgombea walikuwa wanatoshana kabisa, na namba zenyewe hazikutoa onyo lolote.

Onyo lilikuwa kwenye viti. Majimbo yalikuwa 232. NCCR, kwa karibu asilimia 22 ya kura za ubunge nchi nzima, iliambulia majimbo 16. CUF, kwa asilimia 5 tu, ilipata 24, yote ya Zanzibar, ambako jimbo lina wapiga kura wachache na Pemba ilikuwa ngome isiyotikisika. Ndivyo mfumo wetu wa mshindi mmoja kwa kila jimbo unavyofanya kazi: ukipata wa pili kila mahali, unarudi nyumbani mikono mitupu. Kura za NCCR zilitapakaa nyembamba kila mji ambako Mrema alipita, zikakolea hasa Kilimanjaro na maeneo machache mengine. Wa pili hana mbunge, na asipokuwa na mbunge wilayani hakuna wa kufungua ofisi, kuwakusanya makatibu wa kata, wala kulipia pango la jengo baada ya uchaguzi. Ruzuku ya serikali nayo inafuata zaidi idadi ya wabunge na kura za ubunge, siyo ukubwa wa nyomi kwenye mkutano wa mgombea urais.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo watu husahau. Kwetu huwezi kugombea urais na ubunge kwa pamoja. Mgombea urais akishindwa, amekuwa mtu wa nje ya Bunge, hata kama kabla yake alikuwa mbunge hodari kuliko wote. Freeman Mbowe aliiacha Hai 2005 akakaa nje miaka mitano. Dk. Willibrod Slaa aliiacha Karatu 2010, jimbo alilolishika tangu 1995, na hakurudi tena bungeni. Kwa hiyo chama kinatumia jina lake kubwa kuliko yote kwenye mbio ambazo kwa kawaida kitashindwa, kisha kwa miaka mitano sauti yake bungeni inakuwa ya watu wengine. Hao wengine wakiwa imara, chama kinapata vichwa viwili. Wakiwa hawana maelewano na mgombea, kinapata kambi mbili.

NCCR ilipata kambi mbili. Mrema alirudi bungeni 1996 kupitia uchaguzi mdogo wa Temeke, lakini kufikia 1997 yeye na katibu mkuu wake, Mabere Marando, mmoja wa waasisi wa chama, walikuwa hawaelewani tena. Ugomvi ukaenda mahakamani. Ukiusoma leo unaona kila upande ulikuwa na hoja: waasisi walisema chama ni chao walikijenga kabla ya Mrema, Mrema akasema kura ni zake. Na wote walikuwa sahihi, ndiyo maana haukuwa na suluhu. Katiba yetu haimruhusu mgombea binafsi, kwa hiyo mwenye kura lazima apande chombo cha mtu. Na mbunge akihama chama anapoteza kiti, kwa hiyo akiteremka anateremka peke yake. Mwaka 1999 Mrema akahamia chama kingine, TLP, akaiacha Temeke.

Matokeo ya 2000 ndiyo ninayowaonyesha wanafunzi kila mwaka. NCCR, kutoka asilimia 21.8 ya kura za ubunge, ilishuka hadi 3.6 na jimbo moja. Hapo ungetarajia kura zile zimfuate Mrema TLP. Hazikumfuata. TLP ilipata asilimia 9.2 za ubunge na majimbo manne, Mrema mwenyewe asilimia 7.8 za urais. Kura nyingine zilirudi CCM, nyingine zikaenda CUF ambako Lipumba alipanda hadi 16.3, nyingine zilibaki nyumbani siku ya kupiga kura. Uchaguzi uliofuata, 2005, Mrema alipata asilimia 0.75. Mrema, Mzee wa Kiraracha, alirudi bungeni 2010 kama mbunge wa Vunjo, kiti cha nyumbani, akakipoteza 2015. Aliyemshinda alikuwa James Mbatia, mwenyekiti wa NCCR-Mageuzi, na hilo ndilo jimbo pekee NCCR ililopata nchi nzima mwaka huo. Miaka ishirini baada ya 1995, mgombea na chama chake cha zamani walikuwa wanagombania jimbo moja chini ya Kilimanjaro.

Sasa tazama chama ambacho 1995 hakuna aliyekitilia maanani. CHADEMA haikuweka mgombea urais 1995 wala 2000. Mara ya kwanza ilimuunga mkono Mrema, ya pili Lipumba. Ilikuwa na majimbo matatu, kisha manne. Waliipachika kila jina: chama cha mabenki, chama cha Wachaga. Mwaka 2005 ikamsimamisha Mbowe, akapata asilimia 5.88. Magazeti yakaandika kwamba ameanguka vibaya. Lakini kura za ubunge za CHADEMA mwaka huohuo zilikuwa asilimia 8.2, zaidi ya za mgombea wao. Kwangu hiyo ndiyo ishara nzuri kuliko zote za chama kinachoshindwa. Maana yake kuna watu ambao hawakumpigia mgombea urais wako, ila mgombea ubunge wako wanamtaka. Hao hawakuja na mtu, na mtu akiondoka hawaondoki naye.

Walichokifanya baada ya hapo ni kuwatumia wabunge 11 (watano wa majimbo, sita wa viti maalumu) kama vile wangekuwa 100. Agosti 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge kwa hoja ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, akatoka bungeni kijana wa Kigoma, akaingia mtaani mtu maarufu. Septemba mwaka huohuo Slaa alisoma orodha ya wanaotuhumiwa ufisadi pale Mwembeyanga, Temeke. Februari 2008 sakata la mkataba wa umeme wa Richmond likamwondoa Edward Lowassa kwenye uwaziri mkuu. Operesheni Sangara, kampeni ya CHADEMA ya kujenga chama, ikazunguka vijijini wakati ambao hakukuwa na uchaguzi wowote, na huko ndiko matawi yalikofunguliwa. Mwaka 2010 Slaa akapata asilimia 27 hivi, ileile ya Mrema kwa macho ya kawaida, huku chama kikipata karibu asilimia 24 za ubunge na majimbo 23. Linganisha na 16 ya NCCR. Asilimia zinafanana, lakini za CHADEMA zilikuwa zimerundikana mahali: Arusha, Mbeya Mjini, Mwanza mjini, Ubungo, Kawe. Kura zilizorundikana zinazaa wabunge, na kwa kuwa viti maalumu hugawiwa kwa kura za ubunge kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5, chama kikaongeza wanawake 25 juu yake.

Halafu 2015 ikaja, na mpaka leo nikizungumzia mwaka huo watu hunikunjia uso. Lowassa alikatwa kwenye mchujo wa CCM Julai, akaingia CHADEMA mwezi huohuo, akawa mgombea wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Slaa akasusa na kustaafu siasa. Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Mikutano ikaitwa mafuriko. Lowassa alipata kura 6,072,848, asilimia 39.97, nyingi kuliko alizowahi kupata mpinzani yeyote hapa nchini. Wengi bado wanaamini alikuja na kura zake. Mimi nazitazama za ubunge: CHADEMA asilimia 31.75, CUF 8.6, NCCR 1.5. Jumla inakaribia 42. Vyama vilivyomsimamisha, vikijumlishwa, vilipata asilimia kubwa kuliko yeye. Sisemi hakuongeza kitu. Mitandao yake ndani ya CCM ilileta wagombea ubunge wazito na pesa ya kampeni. Ila wazo kwamba aliibeba UKAWA mgongoni halikai kwenye hesabu. Machi 2019 akarudi CCM, na sijaona tawi la CHADEMA lililofungwa kwa sababu hiyo. Tofauti na 1999, kuondoka kwake hakukukiporomosha chama.

Aliyeumia 2015 ni CUF. Majimbo ilipata 32, mengi kuliko wakati wowote, lakini mwenyekiti aliyejiuzulu alirudi 2016 akidai kiti chake, Msajili wa Vyama akamtambua, na Maalim Seif Sharif Hamad, katibu mkuu wa CUF kutoka Zanzibar, akaishia kuhamia ACT-Wazalendo Machi 2019. Zanzibar ikamfuata yeye, karibu yote. Hapo unaona kwamba kura za mtu zipo kweli, na zinahama: Maalim alikuwa amezilima miongo miwili kata kwa kata, shehia kwa shehia. Ndiyo maana ziliitika. Za Mrema zililimwa kwa miezi minane.

Kuanzia hapo jedwali langu linaanza kunisaliti, na mchambuzi anayejifanya halijamsaliti simwamini. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016, zuio likaondolewa Januari 2023. Katikati yake wabunge na madiwani wa upinzani walikuwa wakihamia CCM kila wiki "kuunga mkono juhudi", wagombea wa serikali za mitaa 2019 walienguliwa kwa mafungu mpaka CHADEMA ikajitoa. Tundu Lissu, aliyepigwa risasi Dodoma Septemba 2017 akarudi kutoka Ubelgiji Julai 2020, alitangazwa kupata asilimia 13, na chama chake jimbo moja, Nkasi Kaskazini. Ukilisoma hilo kama ulivyosoma 2000 utasema CHADEMA imekufa kama NCCR. Lakini NCCR ya 2000 ilikuwa imejigawa yenyewe, uwanja ukiwa wazi. Mwaka 2020 kilichopimwa ni uwanja wenyewe. Mwaka 2025 hata namba haipo: Lissu, mwenyekiti wa chama tangu Januari, alishitakiwa kwa uhaini Aprili, chama kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili, na mgombea wa CCM akatangazwa kwa asilimia 97.66.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kuhusu CHADEMA na 2030, nakataa kuanza na Lissu. Mtu aliyeko kizuizini anaweza kuwa mkubwa kuliko alipokuwa jukwaani, na pia anaweza kuwa kisingizio cha chama kutofanya lolote mpaka atoke. Swali la kwanza ni pesa: chama ambacho hakikugombea ubunge kitaishi vipi bila ruzuku inayotokana na wabunge na kura, na je, michango ya wanachama inaweza kulipa hata makatibu wa mikoa? La pili ni wale waliotoka 2025 kwenda CHAUMMA, chama kingine cha upinzani. Wakibaki huko, je, wameondoka na madiwani wa zamani na mawakala wa vituo, au wameondoka na majina yao tu? Mgogoro wa NCCR unatufundisha kuogopa zaidi kuondoka kwa katibu wa wilaya kuliko kwa mgombea urais.

La tatu nitalipima kabla ya urais wenyewe. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa ulifanyika 2014, 2019 na 2024, hivyo unaofuata ni 2029. Nitahesabu ni vitongoji vingapi ambako CHADEMA imepata mtu wa kujaza fomu, na vingapi ambako fomu hiyo imepokelewa. Namba ya kwanza itaniambia habari za chama, ya pili habari za uwanja, na nitaziweka kwenye safu mbili tofauti.