Acheni kusema akina mama wanaogopa

Kila semina ya viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi ina mtu wa kusimama na kusema hivi: "Akina mama lazima tuwahamasishe kwanza waache woga, ndipo waongoze." Safari hii kaisema mwenyekiti wa siku nyingi, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha wawakilishi wa wafanyakazi. Sitanyamaza tena.

Chukueni Grunwick. Kilikuwa kiwanda cha kusafisha picha, kaskazini-magharibi mwa London. Wateja walituma filamu kwa posta na kurudishiwa picha kwa posta; lishikeni hilo, tutalihitaji. Sehemu kubwa ya wafanyakazi walikuwa wanawake wa Kihindi, wengi wao wametoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mmoja wao ni Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat, aliyeishi Tanganyika na mumewe kabla ya kuhamia Uingereza.

Agosti 1976, jioni, akijiandaa kwenda nyumbani, aliambiwa abaki kwa ovataimu. Akakataa, akaacha kazi palepale na kutoka na mwanawe, Sunil. Kabla ya kutoka alimwambia meneja kwamba hapo haendeshi kiwanda bali bustani ya wanyama, na humo wamo nyani wa kuchezeshwa na wamo simba wa kung'ata kichwa, na wao ndio hao simba. Vijana wengine walikuwa wameshatoka siku hiyo, baada ya mwenzao kufukuzwa.

Hapo hawakuwa na chama cha wafanyakazi. Hakuna katibu aliyewahamasisha, hakuna semina. Waligoma kwanza, wakakusanya wenzao, kisha wakaenda ofisi ya ushauri kwa raia kuuliza wafanye nini. Wakaelekezwa kwa baraza la vyama vya wafanyakazi la Brent, eneo lao la London, wakajiunga na APEX, chama cha wafanyakazi wa ofisini. Wanawake walitangulia, chama kikafuata. Mwenyekiti wetu ameugeuza mpangilio huo juu chini.

Na tafadhali msiseme ulikuwa mgomo wa mishahara tu. Mishahara ilikuwa duni, ndiyo, lakini walicholalamikia sana ni ovataimu ya lazima, kusimamiwa kila dakika, na mtu mzima kuomba ruhusa kwenda chooni.

Mwajiri akawafukuza wagomaji wote. Sasa njooni kwenye jambo ambalo vitabu hulipitia kwa mstari mmoja: kutambuliwa kwa chama. APEX iliomba itambuliwe ili ijadiliane na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi. ACAS, chombo cha usuluhishi, kilitakiwa kuwauliza wafanyakazi wanataka nini. Mwajiri akagoma kutoa majina na anwani za waliobaki ndani. ACAS ikawauliza iliowapata, yaani waliokuwa nje, na mwaka 1977 ikapendekeza chama kitambuliwe. Mwajiri akaenda mahakamani. Desemba 1977 majaji wa juu kabisa wa Uingereza wakaibatilisha ripoti ile, kwa sababu walio ndani hawakuulizwa. Soma tena hapo. Aliyeficha majina ndiye aliyeshinda kwa hoja kwamba wenye majina hayo hawakuulizwa. Kabla ya hapo, tume ya Jaji Scarman ilikuwa imependekeza wagomaji warudishwe kazini. Mwajiri akakataa, na hakuna aliyemlazimisha.

Hapo ndipo nataka matawi yetu yakae. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hapa Tanzania, nayo inataka chama kiwe na wengi katika kitengo cha majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambalo chama kinataka kulijadilia. Nani anahesabiwa, na nani anashika orodha? Kiongozi asiyejua hilo, awe mwanamume au mwanamke, atashindwa hata akiwa na ujasiri wa simba.

Je, woga haukuwepo Grunwick? Ulikuwepo, lakini tazameni ulikaa kwa nani. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kupokea barua za kiwanda, na hilo lingekiua. Uongozi wa juu wa chama chao ukawashinikiza waache. Julai 1977 maelfu walifurika langoni, wakiwemo wachimba makaa wa Yorkshire, kisha vyama vikubwa vikarudi nyuma. Novemba Desai na wenzake wachache wakagoma kula mbele ya makao makuu ya TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza, na APEX ikawasimamisha uanachama. Ndipo aliposema msaada wa vyama ni kama asali kwenye kiwiko: unainusa, unaihisi, huwezi kuionja.

Mgomo ulikwisha Julai 1978 bila ushindi. Nakiri hili hunisumbua ninapofundisha. Nawapa watu mfano wa uongozi uliotukuka, na mwisho wake hakuna aliyerudi kazini. Sijapata njia ya kulisema hilo bila kumvunja moyo mwanachama mpya, na sitaki kulificha.

Turudi nyumbani. Sheria yetu inasema mahali penye wanachama zaidi ya 100 wawakilishi ni 15, na angalau 5 wawakilishe wafanyakazi wanawake. Ni jambo jema, nami nalitetea. Lakini nimeona linavyotumika: wale 5 wanaachiwa kushughulikia likizo ya uzazi, muda wa kunyonyesha na maandalizi ya Machi 8, kisha mishahara na zamu zinajadiliwa na wengine. Desai hakugombea "mambo ya akina mama". Aligombea saa za kazi za kila mtu kiwandani. Wakati mwingine najiuliza kama nafasi hizo zinafungua mlango au zinawaelekeza wanawake kwenye chumba cha pembeni, na jibu langu hubadilika kulingana na tawi nililotoka kulitembelea.

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti, kabla ya kuandaa semina nyingine ya kuwatoa woga, nioneshe orodha ya timu yako ya majadiliano ya mkataba wa hali bora unaokuja. Niambie wanawake wangapi wamo, nani kati yao atazungumzia mishahara, na vikao vinaanza saa ngapi. Kama vinaanza saa moja usiku, anza kwa kubadilisha hilo.