"Benki haiuzi bila mahakama" na dhana nyingine zinazopoteza nyumba za watu

Hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, nasikia maneno yale yale: "Benki haiwezi kuuza nyumba yangu mpaka inipeleke mahakamani." Inaweza, na inauza. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 na marekebisho yake ya 2008, benki uliyoiwekea nyumba rehani ikishakupa notisi ya siku 60 nazo zikaisha hujalipa, inauza bila hukumu ya hakimu yeyote. Watu wanasubiri samansi, yaani wito wa mahakama, isiyokuja. Mfanyabiashara wa mchele anafika ofisini kwangu na bahasha ya benki ya miezi mitatu nyuma, gundi yake haijaguswa, wakati tangazo la dalali limeshabandikwa getini.

Jamani, fungueni hizo bahasha! Andika juu yake tarehe uliyoipokea, maana siku 60 zinahesabiwa tangu ikufikie, si tangu benki ilipoichapa. Omba kwa barua taarifa nzima ya mkopo, uilinganishe na risiti zako mstari kwa mstari. Pingamizi la maana linapatikana humo: notisi haikukufikia, deni limezidishwa, au mnada wa nyumba umetangazwa kwa chini ya siku 14. Kama hoja huna, omba kupangiwa upya marejesho, au tafuta mnunuzi mwenyewe kwa ridhaa ya benki. Mimi humshauri hivyo karibu kila mteja, kwa sababu bei ya mnadani mara nyingi inaumiza.

"Nikifungua kesi, mnada unasimama." Hausimami. Zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha mnada, unaliomba, na tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969 mahakama hupima mambo matatu: kama kuna hoja nzito ya kusikilizwa, kama utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na nani ataumia zaidi. Kusema una watoto wanasoma hakutoshi.

"Mke wangu hakusaini." Nyumba ya familia inahitaji ridhaa yake, ni kweli. Ila kama uliapa kwa maandishi kwamba huna mke, umetenda jinai.

"Wameuza bei ya kutupa, nitarudishiwa tu." Bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki inachukuliwa imekiuka wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo, nawe unaweza kuomba mauzo yabatilishwe. Lakini sheria inamlinda pia mnunuzi wa nia njema, yaani aliyenunua bila kujua kasoro ya mauzo. Basi njoo mapema na ripoti ya mthamini, kabla hati haijabadilishwa jina.